Video za Hanang na Maswali ya Kidato cha Tatu

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, kabla jua halijafika utosini, simu za watu wa Babati zilikuwa zimejaa picha za tope. Alfajiri ya siku hiyo, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Hanang ulimeguka, na tope, mawe na magogo vikateremka hadi mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, na kwenye vijiji vya jirani kama Gendabi. Nyumba zilifunikwa, maduka yakasombwa, na idadi ya waliofariki ikapanda siku baada ya siku mpaka ikapita watu 80. Katesh iko barabara ya lami iendayo Singida, na mtu wa Babati huenda huko asubuhi akarudi jioni. Kwetu haikuwa habari ya mbali. Ilikuwa habari ya mashangazi na wakwe, ya watu tuliokutana nao mnadani wiki iliyotangulia.

Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya kutwa, na nimo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule yetu. Siku ile kundi halikutulia. Video moja ililetwa na watu watatu tofauti, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza, na chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba mlima umelipuka. Mzazi mmoja akaniuliza waziwazi mbele ya wote: "Madam, wewe ndiye wa Jiografia, hebu tuambie. Ni volkano?" Nilijibu kwamba Hanang ni mlima uliojengwa na volkano zamani sana, ila haumo katika milima inayolipuka siku hizi, na kwamba tuwasubiri wataalamu wafike. Baadaye Serikali, kupitia kwa Msemaji Mkuu wake, ilieleza kwamba hapakuwa na mlipuko wowote: sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji mengi, ikalemewa, ikameguka. Maelezo yalikuwa wazi na mafupi. Lakini ile video ya herufi kubwa ilikuwa imekwisha kutangulia, na wapo watu ambao hata leo wanasema Hanang ililipuka.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba shule zikifunguliwa Januari, video hizi zitaingia darasani. Wanafunzi wangu wangekuja wakiwa wamekwisha kuziona likizo nzima, kwenye simu za baba, za dada, za jirani. Walikuwa wamekwisha kufundishwa Jiografia ya Hanang, na aliyewafundisha hana jina wala uso. Kukaa kimya na kuendelea na azimio la kazi kama kawaida kungekuwa kumwachia mwalimu huyo neno la mwisho.

Walimu wenzangu wengi wakitaja mitandao ya kijamii katika ufundishaji humaanisha masomo yaliyokwisha kuiva. Kuna mtu YouTube anaeleza usanisinuru vizuri, weka video, kaa pembeni. Sina ugomvi na hilo, na hapa kwetu kuna watu waliofanya kazi kubwa; Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014, imewafundisha watoto wengi hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Lakini faida kubwa niliyoiona mimi iko kwenye vitu vibichi: kipande cha video kilichorekodiwa na mtu asiyejulikana, maelezo ya kukisia, picha isiyo na tarehe. Ni mchele wa sokoni wenye mawe, na kazi ya darasa ni kukaa na ungo. Mwanafunzi aliyepewa somo lililoiva husikiliza. Akipewa kitu kibichi na swali zuri, atafanya kazi ya mwanajiografia mwenyewe.

Msimamo huu ulianza kujengeka wakati wa korona. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa shule. Kidato cha Sita walirudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Katika miezi ile shule nyingi zilikimbilia WhatsApp, na yetu ilikuwa mojawapo. Tuliunda makundi kwa kila kidato kwa kutumia namba za wazazi, tukaanza kurusha maswali, picha za kurasa za vitabu, na sauti. Ndani ya muda mfupi sura ya kundi ikawa dhahiri. Waliojibu walikuwa wale wale: watoto wa watumishi, watoto wa wafanyabiashara, wenye simu ya pili nyumbani. Wengine baba ni dereva wa bodaboda, simu iko naye barabarani kutwa, inarudi saa tatu usiku chaji ikiwa imeisha. Wengine nyumba nzima ina kitochi kimoja, na kitochi hakipokei picha. Kuna binti aliyekuwa wa kwanza darasani kwa Jiografia ambaye sikumsikia kabisa tangu Machi hadi Juni.

Nilianza kuchapa maswali na kuyaacha steshenari karibu na stendi, mzazi apitaye kwenda sokoni amchukulie mwanawe. Yule binti alipata yake kwa njia hiyo. Na tangu hapo nina kanuni moja ambayo sijaivunja: sitoi kazi inayomtaka mwanafunzi awe na simu. Mitandao nitaitafuta mimi, nitaipakua mimi, na nitaileta darasani ambapo mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mchunga mbuzi wanaiona pamoja, saa ile ile, kwenye ukuta ule ule.

Makundi yale yalikuwa na zawadi yake pia, nami naitaja kwa furaha. Sauti nilizorekodi kuhusu latitudo na longitudo zilisikilizwa na watu ambao sikuwa nimewalenga. Shule zilipofunguliwa, mama mmoja muuza mboga alinisimamisha sokoni akasema, "Mwalimu, ile habari ya mistari ya dunia niliifuata yote, nilikuwa nasikiliza huku nachambua mchicha. Sasa nauliza, huo mstari wa sifuri nani aliamua upite Uingereza?" Nikamweleza kwamba ulikubaliwa na mataifa mwaka 1884 katika mkutano uliofanyika Washington. Akatikisa kichwa akasema, "Sisi hatukuitwa." Swali lake nimelipeleka kwa kila Kidato cha Kwanza tangu siku hiyo.

Sasa nirudi kwa Hanang.

Maandalizi yalichukua nguvu kuliko kipindi chenyewe. Nilipakua video usiku kwa bando la usiku, ambalo ni nafuu, nikazihifadhi kwenye kompyuta ya shule. Niliacha kila kilichoonyesha miili ya marehemu, kila kilichoonyesha mtu akilia kwa karibu, na kila kilichomwonyesha majeruhi. Vingi vilikuwa vya namna hiyo, na vingine vilikuwa na mafunzo mazuri ya kijiografia nyuma ya yule anayelia. Niliviacha vilevile. Kabla ya kipindi niliongea na walimu wa madarasa, nikapata kujua nani amefiwa. Wanafunzi hao niliwaita mmoja mmoja, nikawaambia tutazungumzia nini, na kwamba anayetaka kukaa maktaba saa hiyo ana ruhusa yangu. Mmoja alikwenda. Binti mwingine, aliyempoteza bibi yake, alichagua kubaki, akaomba tu akae karibu na mlango. Somo linalotumia msiba wa watu lina deni kwa wenye msiba, na mwalimu asiyetaka kulilipa afadhali atumie michoro ya kitabuni.

Projekta ya shule ilitolewa kabatini. Kwa kuwa umeme wetu hauna ahadi, nilichapa pia picha kadhaa steshenari, moja kwa kila kundi la wanafunzi. Picha hizo za karatasi, nyeusi na nyeupe, zilifanya kazi kuliko projekta. Video hukimbia na macho hukimbia nayo. Picha iliyosimama humlazimisha mtoto aangalie kona zote, na hapo ndipo ushahidi ulipo.

Kitu kingine nilichojifunza katika maandalizi ni kuzima sauti. Mtu anayerekodi huwa anasema: "Oneni volkano hiyo, oneni moto!" na macho ya msikilizaji yanaona anachoambiwa. Kwa hiyo video zote zilionyeshwa kwanza bila sauti, wanafunzi wakaandika wanachokiona, kisha tukarudia na sauti na kulinganisha. Tofauti ya orodha hizo mbili ingetosha kuwa kipindi kizima.

Ubaoni niliandika maswali machache. Nani alirekodi? Wapi? Lini? Unaona nini hasa? Na la mwisho, ambalo nililipigia mstari: kama ingekuwa volkano, tungeona nini ambacho hapa hatukioni? Somo letu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini video na maoni yake vyote vilikuwa kwa Kiswahili, nikawaacha wabishane kwa lugha waliyozitazamia likizo. Kiingereza kilikuja mwishoni, kwenye madaftari.

Video ya kwanza ilikuwa ile ya herufi kubwa, yenye mishale miwili ya WhatsApp inayoonyesha kwamba ujumbe umepita mikononi mwa watu wengi. Tangu 2020 ujumbe wa aina hiyo huwezi kuutuma kwa zaidi ya mtu au kundi moja kwa wakati, na bado ulikuwa umefika kila nyumba. Tuliiangalia kimya. Tope linashuka katikati ya nyumba, gari linaburutwa. Darasa likaandika: tope, gari, nyumba, mvua. Kisha msichana wa dawati la tatu akainua mkono. "Madam, naomba urudishe nyuma kidogo. Hapo. Yale magari mengine yanapita kulia."

Nikarudisha. Darasa zima likainama mbele. Kweli, kwenye barabara ya juu, kabla tope halijafika, magari yalikuwa yanapita upande wa kulia. Sisi Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, tunapita kushoto. Ukivuka kwenda Rwanda, Burundi au Kongo ndipo unapita kulia. Mvulana mmoja akasema labda ni Burundi. Mwingine akaonyesha paa: yote ya vigae, hakuna bati hata moja, na Katesh ni mji wa bati. Hatukuijua nchi ile, na sikuona haja ya kuitafuta. Ilitosha kujua kwamba video iliyowatia hofu wazazi wao haikurekodiwa Hanang, na aliyegundua hilo hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Alikuwa mtoto wa miaka 16 aliyewahi kupanda basi na kukumbuka kwamba linapita kushoto.

Video zilizofuata zilikuwa za kweli. Kibanda cha wakala wa fedha kimelala ubavu, kibao cha duka kina maandishi ya Kiswahili, mlima uko nyuma. Hapa kazi ilikuwa nyingine. Kundi moja lilitambua kwamba mawe makubwa na udongo laini vimechanganyika pamoja, wala havikupangwa kama mto unavyopanga mchanga na kokoto. Kundi jingine liliona magogo yenye magome yake, na majani mabichi yamenasa kwenye matawi, hakuna kilichoungua. Na binti aliyekaa karibu na mlango, ambaye hakuwa amesema neno, akasema kwa sauti ya chini: "Wanaowatafuta watu wako peku."

Tukaangalia upya. Ni kweli. Wanaume wamekunja suruali, wamesimama kwenye tope miguu mitupu, wanachimba kwa majembe. Hakuna anayesimama peku kwenye kitu kilichotoka kwenye volkano asubuhi ile. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho ya wote waliotazama video zile, na huyu ndiye aliyeuona.

Nilidhani tumemaliza. Kijana wa dawati la nyuma, anayependa sana YouTube, akasimama. "Lakini Madam, lava ya Lengai nayo ni nyeusi na nyepesi. Nimeiona. Inatiririka kama tope tu."

Ana haki. Ol Doinyo Lengai, kaskazini kwetu katika Wilaya ya Ngorongoro, ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina ile, yenye kaboneti ya sodiamu na kalisiamu kwa wingi. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya basalti, na hutiririka kwa wepesi wa ajabu, nyeusi au kahawia nzito. Mtu anayeitazama kwenye skrini ndogo anaweza kuapa kwamba ni tope. Swali lile halikuwamo katika andalio langu la somo, na ndilo lililobeba kipindi. Sikumjibu. Nilimwambia alete ushahidi kesho, nami nitatafuta video ya Lengai ili tuziweke sambamba.

Kesho yake tuliziweka sambamba. Tulianza na rangi. Lava ya Lengai ikipoa na kukutana na unyevu hugeuka nyeupe baada ya muda mfupi. Ndiyo maana kilele cha mlima ule, kwa mbali, huonekana kama kimepakwa chokaa. Nikawaonyesha video ya Katesh iliyorekodiwa siku kadhaa baada ya maporomoko, wakati vijana wa jeshi wanaondoa kifusi. Tope lilikuwa bado kahawia, limekauka na kupasuka. Kisha wakazungumzia magogo, ambayo yasingebaki na magome yake katika nyuzi 500. Kisha umbali: lava ya Lengai hutoka kreta na mara nyingi huishia hapo hapo juu au kwenye miteremko, ilhali tope la Hanang lilifuata makorongo ya mto hadi mjini. Yule kijana mwenyewe ndiye aliyeandika hitimisho ubaoni, kwa mwandiko wake mbaya na kwa Kiingereza chake, kwamba ni mtiririko wa tope uliosababishwa na maji, na sababu zake akaziorodhesha. Nimefundisha mada ya nguvu zinazobadili sura ya dunia kwa miaka mingi. Sijawahi kuona darasa likiielewa tofauti ya volkano na maporomoko kwa kina kile, na imetokana na kijana mmoja kubishana na video moja kwa kutumia nyingine.

Mwanafunzi mwingine alikuwa na mjomba anayeishi Katesh. Darasa liliandika maswali kwenye karatasi, akayapeleka nyumbani, mama yake akayatuma kwa simu yake, na mjomba akajibu kwa sauti. Tulimsikiliza kipindi kilichofuata kwa spika ndogo. Alisema mvua ilikuwa imenyesha kwa siku kadhaa. Alisema alisikia mngurumo akadhani ni helikopta. Tope lilikuwa baridi, harufu yake ni ya udongo uliolowa, hapakuwa na harufu ya kiberiti. Alisema pia kwamba wazee walikuwa wanayajua makorongo, na kwamba nyumba zimeyasogelea mwaka hadi mwaka. Hapo somo likahama kutoka kwenye miamba kwenda kwenye makazi, na wanafunzi wakaanza kuuliza habari za makorongo ya mtaani kwao. Kitabu chochote cha Jiografia kina sura ya makazi ya watu. Hakina mjomba.

Nikawaonyesha jambo moja la mwisho. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa utabiri wa mvua za vuli, ikasema kutakuwa na El Niño na mvua za juu ya wastani katika maeneo mengi, na taarifa hiyo iliwekwa kwenye kurasa zake za mitandao. Niliuliza nani aliiona. Mikono michache. Nani aliiona video ya herufi kubwa? Mikono yote. Simu ni zile zile. Sikuwaambia neno zaidi, nikawapa kazi ya kuandika: kwa nini onyo la kweli lilienda taratibu na uongo ukakimbia. Majibu yao yalikuwa ya watu wazima. Mmoja aliandika kwamba onyo halikuwa na picha ya mtu yeyote akikimbia. Mwingine aliandika kwamba onyo lilitaja mikoa, na nyanya yake hajui kwamba shamba lake liko katika "maeneo mengi".

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu tulikuwa tayari. Safari hii hatukuanza na video za watu. Tulianza na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilizokuwa zikitolewa mara kwa mara mitandaoni, kila moja ikieleza kimbunga kiko wapi baharini na kiko umbali gani kutoka pwani ya Mtwara. Wanafunzi waliweka nukta kwenye ramani kila taarifa mpya ilipotoka, wakaunganisha kwa mstari, na siku ya Ijumaa wakabashiri kitafika wapi. Tarehe 4 Mei kilitua Mafia. Nikawaambia habari za kimbunga kilichoipiga Zanzibar Aprili 1872 na kuangusha mikarafuu mingi, na kile cha Lindi cha 1952, maana walikuwa wanasoma maoni ya watu wakisema jambo hili halijawahi kutokea kwetu. Lilikwisha kutokea, ila hapakuwa na simu.

Mwenzangu wa Kiswahili naye ana njia yake. Huchukua maoni ya watu chini ya habari fulani, anafuta majina, anayaandika ubaoni, na wanafunzi huyasahihisha tahajia kisha huyajibu kwa hoja. Anasema uandishi wao wa insha za hoja umepanda tangu aanze, na mimi nayaona madaftari yao, namwamini.

Lipo jambo linaloniumiza, na nitalisema bila kuficha. Kuna walimu wanaoichukulia mitandao kuwa jukwaa, na watoto kuwa mali ya jukwaa. Mtoto anaulizwa swali, anakosea, anarekodiwa, na jioni nchi nzima inamcheka. Mwingine anarekodiwa akilia kwa kukosa sare, na mwalimu anaandika maneno ya huruma chini yake, na ile huruma inahesabiwa kwa idadi ya watazamaji. Mtoto yule atakuwa na miaka 30 siku moja, atatafuta kazi au mchumba, na video ile itakuwepo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti, lakini hata pasingekuwa na sheria, mzazi alipomleta mwanawe shuleni alituamini tumfundishe. Hakutupa ruhusa ya kumtembeza. Mimi huingiza mitandao darasani. Darasa langu sijawahi kuliingiza mitandaoni, na sitaliingiza. Siwasiliani na mwanafunzi kwa simu yake wala yeye kwa yangu; mawasiliano yote hupita kwa mzazi au kwenye kundi ambalo mkuu wa shule yumo.

Na wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Wapo wanaosema kanuni hii imepitwa na wakati na inazuia kujifunza. Kwa darasa la watoto zaidi ya 70 na mwalimu mmoja, mimi nasimama na kanuni. Kila nilichokieleza hapa kimefanyika kwa kompyuta moja, projekta moja, spika ndogo na karatasi za steshenari. Kilichotakiwa ni mwalimu mwenye muda wa kuchagua na bando la kupakulia.

Na bando hilo, kwa shule nyingi, hutoka mfukoni mwa mwalimu. Chaki zinanunuliwa na shule. Karatasi za mitihani zinanunuliwa na shule. Megabaiti ninazopakulia somo usiku nazilipia mimi, na mwenzangu wa shule ya jirani aliyeajiriwa juzi hawezi kuzilipia, kwa hiyo wanafunzi wake hawatayaona magari yanayopita kulia. Nawaomba wakuu wa shule na maafisa elimu wa wilaya, mnapokaa kupanga matumizi ya ruzuku ya mwaka ujao, wekeni fungu la intaneti la shule, dogo tu, lenye mwalimu mmoja anayewajibika nalo. Nawaomba pia Mamlaka ya Hali ya Hewa na wataalamu wetu wa jiolojia: mnapotoa taarifa zenu mitandaoni, wekeni na picha moja iliyo safi, yenye tarehe na mahali, ambayo mwalimu anaweza kuichapa na kuipeleka darasani kesho asubuhi. Mvua za vuli huja kila mwaka, na video nazo zitakuja.